Blue Posts ya Thika: hoteli ya mwaka 1908 iliyokaa katikati ya mito miwili

Leo naweka hapa kumbukumbu ya hoteli moja kongwe ya majirani zetu Kenya, inaitwa Blue Posts, ipo Thika. Naiweka kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu Bongo tukisikia hoteli za kale za Kenya tunaijua Norfolk ya Nairobi basi, wakati hii nayo ina umri wa kuheshimika. Pili, mimi ni kijana wa Jangwani, nimekulia pembeni ya mto Msimbazi, na kila nikiufikiria mto wetu naikumbuka hoteli ile. Kwa nini, nitaeleza huko mbele.

Kwa wale wavivu wa kusoma makala ndefu nasema mapema: hoteli ile haikudumu miaka zaidi ya 100 kwa ajili ya vitanda vyake wala supu yake. Imedumu kwa sababu ilijengwa ikiutazama mto, na waliokuja baadaye hawakuugeuzia mto mgongo. Haya, twende taratibu.

IKO WAPI HASA?

Thika ni mji wa viwanda, kilomita 40 na ushee kaskazini mashariki ya Nairobi. Ukishauvuka mji kuelekea Murang'a na Nyeri unakuta mito miwili imekaribiana mno, Chania na Thika. Yote miwili inatoka milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Hapo karibu na barabara kila mto unaporomoka kwenye miamba yake, kwa hiyo kuna maporomoko mawili, ya Chania na ya Thika, yamepishana kwa mwendo mfupi wa miguu. Katikati ya mito hiyo kuna ulimi wa ardhi, na juu ya ulimi huo ndipo ilipo Blue Posts. Chini kidogo mito inakutana na kuwa mmoja.

Kwa hiyo ukiwa kwenye bustani ya hoteli, maji unayasikia kabla hujayaona. Ukiwa umekaa unakunywa chai, maporomoko yapo mbele yako. Hakuna haja ya kupanda gari kwenda kuyatafuta.

Usitegemee mnara wa vioo wala lifti za kung'aa kama zile za Posta. Ni majengo ya kawaida, bustani, miti mikubwa, baraza na maji. Mimi nilifika pale kama mbeba mizigo tu. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo huwa ananipa vibarua, safari moja akanichukua tukafuata mzigo Nairobi, kisha Thika. Tulipomaliza shughuli akaniambia, "Mwanangu, tukapumzishe miguu pale kwenye maji." Nikashika chai yangu, nikazunguka bustani nzima. Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma historia yake.

ILIANZAJE?

Blue Posts ilianza mwaka 1908. Hapo Nairobi yenyewe ilikuwa bado changa, kwa sababu reli ya kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899. Reli ya Thika ilikuwa bado. Aliyetaka kwenda bara upande wa Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, alikwenda kwa miguu, kwa farasi au kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwa mwendo huo, kutoka Nairobi mpaka kwenye mito hii tayari mtu alikuwa hoi, na wanyama wake hoi zaidi.

Hapo ndipo palipo na akili ya yule aliyeijenga. Mto ni mahali ambapo safari inakatika yenyewe. Ng'ombe wanataka maji, farasi wanataka maji, watu wanataka kuoga, na mvua zikiwa kubwa unasubiri mto upungue ndiyo uvuke. Mtu akishasimama atataka chakula, kinywaji na mahali pa kujilaza. Kwa lugha ya Kariakoo tungesema jamaa alifungua banda lake pale pale wateja wanaposhushwa.

Jina lenyewe maana yake ni nguzo za bluu. Waingereza hawakulianzia Thika. London, mitaa ya Soho, zipo baa kadhaa za miaka mingi zenye jina hilo hilo. Ndiyo tabia ya walowezi wa wakati ule, walipenda kubeba majina ya kwao na kuyapanda kwenye ardhi za watu.

Mwaka 1913 reli ikafika Thika, na kufikia 1930 njia hiyo ilikuwa imefika Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mashamba ya kahawa na katani yakatapakaa. Katani ni hii hii tuliyoizoea Tanga, ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliileta kwetu mwaka 1893. Baadaye mananasi nayo yakaja kuifanya Thika ijulikane. Hoteli ikabadilika, kutoka kituo cha wasafiri waliochoka ikawa pia baraza la walowezi: mkulima anashuka kutoka shamba, anakutana na wenzake, wanauliziana bei ya kahawa na habari za mvua.

ZAMA ZA HOTELI ZA NAMNA HII

Ukiziweka tarehe pamoja unaona kitu. Old Cataract ya Aswan, Misri, juu ya mto Nile, ilifunguliwa 1899. Victoria Falls Hotel, upande wa Zimbabwe wa mto Zambezi, ilianza 1904. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1904. Hapa kwetu Dar Wajerumani walijenga Kaiserhof mwaka 1906, ndiyo iliyokuja kuitwa New Africa, ikitazama upande wa bandari. Blue Posts ikafuata 1908. Yaani ndani ya miaka kumi tu hoteli zinachipua kuanzia Misri mpaka Zambezi.

Sababu ni reli na meli. Wakoloni walishafungua njia, sasa walihitaji mahali pa kulala wenyewe, watalii wao na wawindaji wao. Ndiyo maana karibu zote zipo kwenye stesheni, bandari, au mto.

Kati ya hizo, Old Cataract ndiyo imepata jina kubwa kuliko zote. Mwandishi Agatha Christie aliikaa na kuitia kwenye riwaya yake ya Death on the Nile ya mwaka 1937. Ilifungwa kwa ukarabati mkubwa ikafunguliwa tena 2011. Ukiwauliza waliofika, wengi watakuelezea kwanza ile baraza inayotazama mto jua likizama, vyumba vinafuata baadaye. Victoria Falls Hotel ni vile vile, watu wanakaa kwenye majani wakitazama moshi wa maji na daraja la reli la mwaka 1905.

Blue Posts haina hadhi ya fedha kama hizo mbili, tusidanganyane. Lakini siri yake ni ile ile. Na kuna kitu imewazidi: mtu wa kawaida wa mji ule anaweza kuingia na familia yake Jumapili bila kujiona mgeni. Aswan na Victoria Falls, kwa kijana kama mimi, geti lenyewe linakuuliza unatafuta nini.

KITABU KILICHOITANGAZA THIKA

Jina la Thika lilitembea duniani kwa sababu ya kitabu. Elspeth Huxley alizaliwa London mwaka 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walikuja kuanzisha shamba la kahawa Thika, na yeye akafika akiwa mtoto mdogo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1959 akatoa kitabu cha kumbukumbu za utoto wake, The Flame Trees of Thika, kikiwa na jina la ile miti ya maua mekundu kama moto. Mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ikakifanya tamthilia, mwigizaji Hayley Mills akicheza kama mama yake. Mwandishi alifariki 1997.

Kuanzia hapo wageni wakawa wanakuja Thika kutafuta ile Thika ya kitabuni. Shamba lilishabadilika, mji umejaa viwanda, na mahali ambapo mgeni anaweza bado kukaa na kuona kitu alichokiona yule mtoto ni kwenye maporomoko. Kwa hiyo Blue Posts ikapata maisha mengine, ya kuwa ushahidi wa hadithi.

Lakini tukisoma kitabu kile tusome kwa macho yetu, ndugu zangu. Ni Thika ya mtoto wa mlowezi. Kina utamu wake na mwandishi anawatazama watu kwa makini, ila ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya mkokoteni wa baba yake kufika.

UPANDE AMBAO KADI ZA POSTA HAZIUONYESHI

Hapa ndipo napotaka tutulie kidogo. Hoteli hizi za zamani huwa tunazisifia kana kwamba zilijengwa kwa ajili yetu. Hazikujengwa kwa ajili yetu. Mwafrika aliingia kama mpishi, boi, dobi au mchunga farasi. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 mwanaume Mwafrika wa Kenya alilazimika kutembea na kipande, kile cheti cha kazi ndani ya kikopo cha bati, akikining'iniza shingoni. Fikiria baba mzima anambebea mzungu trei ya chai pembeni ya mto wa babu yake, na shingoni ana kikopo.

Norfolk ndiyo yenye kumbukumbu chungu zaidi. Tarehe 16 Machi 1922 wananchi walikusanyika karibu nayo kudai Harry Thuku aachiwe, kijana aliyekamatwa kwa kupinga kipande na kodi. Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewachochea wanaume wasikubali kurudi nyuma. Polisi wakafyatua risasi, watu zaidi ya 20 wakauawa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Na inasimuliwa mpaka leo kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli ile inaitwa Harry Thuku.

Thika nayo ina kumbukumbu yake, na hii haipo mbali na Blue Posts. Wazee wa Kikuyu wanasimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wazungu utakwisha siku mti wa mugumo uliopo Thika utakapoanguka. Mugumo ni mti mtakatifu kwao, watu walisali chini yake. Inasemwa wakoloni waliusikia utabiri ule, wakauzungushia chuma na kuutilia nguvu usianguke. Lakini mti ulipigwa na radi, ukapasuka na kuanguka, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru. Mahali pale leo panaitwa Mugumo Gardens, pamehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa.

Tazama hapo: mji mmoja, hoteli ya mlowezi kwenye mto na mti wa mtabiri. Mti ulioshikizwa kwa chuma ulianguka. Hoteli ambayo haikushikizwa na kitu imebaki, ila wanaokaa kwenye viti vyake ni wajukuu wa waliokuwa wanabeba trei.

BAADA YA UHURU

Baada ya 1963 hoteli nyingi za walowezi zilipata shida ya kujua sasa zimhudumie nani. Nyingine zikafa. Nyingine zikabaki za watalii tu. Blue Posts iliokolewa na mahali ilipo. Wasafiri wa Murang'a, Nyeri, Embu na Meru walikuwa wanapita mlangoni, na mji wa viwanda ulikuwa unakua pembeni. Wafanyakazi, walimu, wafanyabiashara, wote hao siku ya mapumziko wanataka mahali pa kukaa.

Hivyo kile kilichokuwa baraza la wakulima wa kizungu kikawa mahali pa nyama choma, pa mikutano, pa harusi na picha za harusi. Siku niliyofika mimi niliwaona maharusi, niliwaona watoto wakikimbizana kwenye majani, na wazee wawili waliokaa hawaongei, wanatazama maji tu. Yule mama akaniambia, "Unaona wale? Wamelipia chai, wamepata na maji bure." Nikacheka, lakini ndiyo biashara yenyewe ilivyo.

Mwaka 2012, mwezi Novemba, Rais Mwai Kibaki alizindua barabara kuu mpya ya Nairobi hadi Thika, ile pana yenye njia nyingi. Safari ambayo enzi za ng'ombe ilikuwa ya kulala njiani, sasa kama hakuna foleni unafika ndani ya saa moja. Kwa hoteli ya njiani hilo lina pande mbili. Msafiri hana tena sababu ya kulala, kwa sababu hajachoka. Lakini mtu wa Nairobi anaweza kuja kula mchana na kurudi kwake jioni. Kwa maneno mengine ile sababu ya mwanzo ya kujengwa hoteli, uchovu wa safari, imekwisha kabisa. Kilichobaki kinachomvuta mtu ni mto. Ndiyo maana nilisema pale juu kwamba kuta siyo zilizoitunza hoteli hii.

MAJI YENYEWE YANAKWENDA WAPI?

Wengi wanaopiga picha pale hawajui maji yale yana kazi nyingi kiasi gani. Yakishakutana chini ya hoteli yanaendelea mpaka mto Tana kwenye bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, kisha yanapita kwenye mfululizo wa mabwawa ya umeme ya Tana: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Halafu Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, unateremka kwa Wapokomo na kumwaga Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Yaani tone linaloruka pale Blue Posts mwisho wake ni pwani ya Waswahili wenzetu, jirani na Lamu.

Na huko juu kabla hayajafika hotelini yanakatwa. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa mpaka miaka ya 1990 kwenye mto Thika, linabeba kama mita za ujazo milioni 70, na ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Upande wa Chania kuna bwawa la Sasumua la miaka ya 1950, na mahali pengine maji yanachotwa mtoni moja kwa moja kwenda kwenye mitambo ya Ngethu. Kwa hiyo maporomoko yanayopamba hoteli ni maji yaliyobaki baada ya jiji la mamilioni kuchota ya kwake. Wakati wa kiangazi yanapungua, wakati wa masika yanavuma.

Halafu kuna mji wenyewe. Viwanda, majitaka, plastiki, mashamba yenye madawa, vyote viko jirani na mito hii. Hilo ndilo tishio la kweli kwa hoteli ya mtoni. Ukuta ukipasuka unaupaka lipu. Mto ukinuka, hata ukiweka vitanda vya dhahabu hakuna maharusi watakaokuja kupiga picha. Na mwenye hoteli hawezi kuusafisha mto peke yake, kwa sababu uchafu unatoka kwa watu ambao hawajawahi hata kukaa kwenye viti vyake.

Mto pia haujasahau ukali wake. Masika ya 2024, Aprili na Mei, mafuriko ya Kenya yaliua watu zaidi ya 200 nchi nzima. Anayekaa kando ya mto anakaa kwa adabu.

SASA SISI NA MSIMBAZI WETU

Nilisema nitaeleza kwa nini nikiwa Jangwani naikumbuka Blue Posts. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo, unafika kwetu Jangwani, halafu unaingia baharini pale daraja la Selander. Ni mto uliopo katikati ya jiji kubwa, karibu na Kariakoo, karibu na makao makuu ya Yanga na ule uwanja wao wa Kaunda ambao mvua ikikolea unageuka bwawa. Kwa mahali ulipo, mji mwingine ungeringa nao.

Sisi tumeupa mgongo. Nyumba zinautazama mtaa, choo na takataka ndivyo vinavyoutazama mto. Matokeo tunayajua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 karakana yake ikawekwa Jangwani, maji yakaingia si mara moja. Kila masika barabara ya Morogoro pale bondeni inafungwa na jiji linakatika vipande viwili.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi: kuutengeneza mto, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, na kulifanya bonde kuwa bustani ya jiji. Watu walifanyiwa tathmini, wengi wakalipwa na kubomolewa. Majirani zangu wengine nao wameondoka. Kuna walioona wamelipwa vizuri, kuna walioona wamepunjwa, hilo lina makala yake.

Mimi ninachoomba ni kimoja, na ndicho somo la Thika. Bustani ikikamilika, mto uwekwe mbele ya macho ya watu. Pawe na mahali pa kukaa, pa kuuza chai na kahawa ya kashata, pa maharusi kupiga picha, na mtoto wa Mchikichini na wa Magomeni waingie bila kuulizwa wanatafuta nini. Mto unaoonekana kila siku unapata watetezi. Anayekunywa chai akiuangalia ndiye wa kwanza kupiga kelele siku ukibadilika rangi. Mto uliofichwa uani hauna mtetezi, kila mtu anamwaga chake usiku na asubuhi anasema serikali haifanyi kazi.

Na tusisahau lile la Kaiserhof. Jengo la Wajerumani la mwaka 1906 halipo tena, New Africa ya leo ni jengo jingine lenye jina la kale. Silaumu, mji unakua na hoteli inataka vyumba. Lakini inaonyesha kwamba jengo linaweza kuondoka jina likabaki. Mto ukiondoka hakuna cha kubaki.

KWA ANAYETAKA KWENDA

Si safari ya matajiri. Mabasi ya Nairobi yanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, yanapita Chalinze, Korogwe, Moshi na Arusha, mnavuka mpaka Namanga. Mtanzania haombi viza ya Kenya, ila uwe na pasi au hati ya kusafiria, usiende kwa mazoea. Ukifika Nairobi uliza matatu za Thika, ni nyingi kuanzia asubuhi. Ukishuka Thika mwambie bodaboda Blue Posts, hata mtoto anapajua.

Nenda wakati masika yanaishia, maji yakiwa bado mengi na njia zimekauka. Viatu viwe vya kukanyagia, maana ukiteremka kuyasogelea maji njia inateleza. Agiza hata chai tu. Kaa upande wa Chania kwanza, kisha zunguka uone na upande wa Thika, usiondoke umeona moja. Ukitoka pitia Mugumo Gardens, ipo hapo hapo mjini, ili uione Thika ya wenyewe na siyo ya kitabuni peke yake.

Naishia hapo wadau. Kama kuna aliyewahi kulala pale, au mzee aliyefanya kazi kwenye hoteli hizi zamani, hapa Dar au huko Kenya, atuongezee. Na nyie wa bondeni mlioupata Msimbazi ukiwa bado unavulika samaki na kuogelewa, semeni ulikuwaje, maana sisi tuliozaliwa juzi tukisimulia hatuaminiki.